Kapteni anataka nishuhudie dhidi ya mtani wake

Admin, tafadhali usiweke jina langu, na ukiona sehemu inayoweza kunitambulisha ifute. Mimi ni kijana wa kiume, nina miaka 24, naishi chumba cha kupanga Rahaleo hapa Mtwara. Ni mtumishi raia, karani wa masijala katika kambi moja ya jeshi huku kusini. Bado niko kwenye matazamio, sijathibitishwa kazini. Mama yangu ni mkulima wa mihogo na mikorosho michache, na mimi ndiye wa kwanza kwetu kuajiriwa.

Bosi wangu ni Kapteni, Myao wa hukuhuku. Kambini kuna askari mmoja wa chini kabisa, ametokea Songea, sote tunamwita Mngoni. Wangoni na Wayao ni watani, nanyi mnajua hilo. Mngoni alikuwa akiingia ofisini anapiga saluti, anakabidhi alichotumwa, na kama hakuna mgeni anasema, "Afande, babu yako bado anakimbia au ameshapumzika?" Kapteni anacheka, anamfukuza kwa rula. Nimeyaona hayo mara nyingi.

Mwezi uliopita Kapteni alifiwa na mama yake. Yeye alikuwa Dodoma kikazi, kwa hiyo sisi tulitangulia kijijini kwao kusaidia kuchimba kaburi. Lilipokamilika, Mngoni akaruka ndani akalala chali. Akasema hapo ni kwake, amepapenda, hatoki mpaka apewe jogoo. Wazee wakacheka, wakaanza kumtukana kitani. Hakuna aliyeshangaa, maana mtani msibani ndiyo kazi yake.

Kapteni akafika wakati huohuo, amevaa sare, macho mekundu, ameongozana na maofisa wawili wakubwa kuliko yeye. Akasimama ukingoni. "Wewe, toka humo."

"Mtani, pole na msiba. Lete jogoo."

"Nakuamuru, toka!"

Mngoni akajiweka sawa kama mtu aliye kitandani kwake. "Huku chini hakuna cheo, mtani. Babu zako walimkimbia babu yangu, leo wewe unataka mimi ndiye nikukimbie?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Askari wote walicheka. Mjomba mkubwa wa Kapteni akaleta jogoo, Mngoni akatoka, akajipangusa udongo, akampigia Kapteni saluti safi kabisa, na ndiye aliyepokea jeneza mbele. Kapteni hakuitikia ile saluti. Mimi nilidhani ni uchungu wa mama.

Tulivyorudi kazini, Mngoni akawekwa mahabusu ya kambini. Kosa: kukaidi amri halali ya mkubwa wake mbele ya askari wengine. Amenyang'anywa kofia na mkanda, na hivyo ndivyo atakavyoingizwa mbele ya mkuu wa kikosi Jumatatu. Mkuu ni mkali lakini husikiliza. Kuna askari aliwahi kumjibu sajenti ovyo, mkuu akamuuliza kilichomsibu, akaishia kufyeka nyasi za kambi nzima. Ila mkuu huyu hakuwepo msibani, na wale maofisa wawili wamesema wazi kwamba wao waliona aibu.

Askari waliokuwepo wote wanasema walikuwa mbali, hawakusikia vizuri. Raia wa kambini aliyekuwepo ni mimi peke yangu. Kapteni akaniita, akafunga mlango.

"Kijana, utaulizwa mambo mawili. Nilitoa amri? Alikataa? Unajibu ndiyo, ndiyo, unatoka."

Nikajikaza. "Afande, na ule utani wa pale…"

"Umeulizwa utani?" Kisha sauti ikashuka. "Mama yangu alikuwa bado hajazikwa. Nimesimama na wakubwa wangu, askari wangu wananicheka. Kesho nikiwaamuru wakalale porini kule Ruvuma, nao wakinicheka? Mtu afe kwa sababu ya kicheko?"

Kusema kweli nilimwonea huruma. Halafu akaongeza kwamba ripoti ya kunithibitisha iko mezani kwake na hana kinyongo na mimi. Alilisema taratibu tu, kisha akanifungulia mlango.

Nilipata nafasi ya kumpelekea Mngoni chai. Nilitegemea ataniambia neno la kuchekesha. Akaniambia, "Dogo, nenda, usionekane hapa." Basi. Kaka yule hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu.

Juzi mke wake alikuja kwangu, mgongoni ana mtoto mchanga. Hakutaka hata kukaa. "Shemeji, wakimfukuza jeshini, sisi tunarudi Songea kufanya nini?" Nikamwambia mimi ni karani tu, sina uwezo. Akaniangalia. "Ameniambia wewe ndiye uliyecheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa unacheka nini, kama ulikuwa uasi?"

Aliondoka, mimi nikabaki mlangoni nimeshika kitasa.

Ndugu zangu, nikijibu ndiyo mara mbili nitakuwa sijasema uongo hata kidogo. Amri ilitolewa, na alikataa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikiongeza neno, Kapteni yuko palepale ananitazama, na mama yangu kijijini ameshawatangazia watu kwamba mwanawe ni mtumishi. Nimefikiria kumfuata yule mjomba aliyeleta jogoo, aseme na mpwa wake kabla ya Jumatatu, lakini Kapteni akijua nimekwenda kwao nitajitetea vipi?

Mliowahi kufanya kazi jeshini naombeni mnijibu, hata kwa faragha kupitia admin. Shahidi akishaulizwa maswali yake mawili, anaruhusiwa kusema jambo ambalo hakuulizwa? Na kama anaruhusiwa, sauti anaipata wapi?