Kijiko Kilichong'aa

Wifi yangu hulisha mbwa wa ulinzi katika kampuni moja ya jirani. Huwakatia mapafu na utumbo mbichi kwa kisu chenye mpini mwekundu, akawagawia kwa upawa wa mpini mwekundu vilevile, na vyombo hivyo havivuki geti. Akimaliza huvisugua kwa sabuni na maji ya moto, huvichemsha, huvikausha, kisha huvinusa. "Wifi, utavisugua mpaka viishe!" nilimtania siku moja. Hakucheka.

Kisa chake nakijua tangu naolewa na kaka yake. Zamani alikuwa na mbwa nyumbani, anamgawia nyama mbichi kwa kijiko chochote. Siku moja kijiko kikamponyoka, mbwa akakiramba mpaka kikang'aa. Akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha kabatini. Nani angekishuku? Hakikuwapo kisafi kama kile. Jioni akakitumia kumlisha uji bintiye, kitoto cha meno mawili, ambaye yeye alizoea kumwita "mama." Mtoto akaanza kuharisha damu, homa ikapanda. Daktari alisema ni vijidudu vya nyama mbichi. Akalazwa, na asubuhi moja hakuamka.

Sasa likizo yangu ya uzazi imekwisha. Zamu ya wifi huisha asubuhi, yangu ndipo inapoanza, kwa hiyo mwanangu wa kiume namwachia yeye. Kumwogesha, anamwogesha. Kumbeba, usiseme, mgongoni hatoki. Lakini umri wa uji ulipofika, kushika kijiko akagoma kabisa. Mtoto akabaki na maziwa ya chupa, na kliniki wakaniambia uzito unashuka.

Jana nimerudi, uji umeganda bakulini, mtoto analia, wifi naye analia. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikawaka. "Mwanangu atakufa njaa kwa sababu ya kijiko?"

Jamani, ulimi hauna mfupa. Nilitamani kulirudisha lile neno.

Wifi aliingia jikoni, akachemsha kijiko, akapasha ule uji, akaula wote yeye mwenyewe, kijiko kwa kijiko.

"Kesho nikiamka," akasema, "nitamlisha."

"Makubwa haya!" nikasema. Nilimwonea huruma, na niliogopa, sijui hata nini.

Leo hakuwa na zamu. Kulipokucha nikasikia sufuria ikitokota. Nikamkuta jikoni amempakata mtoto, kijiko kinapoa juu ya sahani safi.

Sisi sote nyumbani mtoto tunamwita "baba." Wifi akachota uji, akaupuliza, akaupeleka mdomoni mwa mtoto taratibu.

"Nimeamka, mama," akanong'ona. "Kula."

Sikumsahihisha. Mtoto akafungua kinywa, akala, nami nikamsogezea wifi bakuli.