Kunguru wa Kilima Kisicholimwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Misitu wa Wilaya hapa Kasulu hakuniuliza cheti. Alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimeazima viatu vya harusi vya kaka yangu, vya ngozi, vinang'aa, naye akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, msitu haukaguliwi kwa kung'ara. Katafute raba." Nikapewa panga, koti la mvua lililotobolewa na panya, na nyundo ya alama, yaani ile nyundo yenye herufi za serikali kichwani, inayogongwa kwenye gogo lililokatwa kwa kibali. Gogo lisilo na alama ni la wizi. Elimu yangu ya asubuhi ile iliishia hapo, na mchana nikawa tayari ninapanda milima.

Ninyi vijana mnaofanya doria kwa pikipiki mtadhani natia chumvi, lakini sisi tulitembea. Juu ya Nyakitonto miti inakwisha, unabaki na nyasi, mawe na upepo. Ukungu ukishuka huoni hata mkono wako, na ukiondoka unaona vilima vitupu mpaka macho yachoke. Ni nchi yenye huzuni ile, sitaki kuwadanganya. Miezi ya kwanza nilikuwa naimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, si kwa imani, kwa woga.

Huko ndiko nilikowakuta kunguru. Simaanishi hawa wa sokoni wenye kifua cheupe, wezi wa dagaa. Nasema wale wakubwa wa milimani, weusi kabisa, mdomo mnene, na doa jeupe kisogoni. Kwa Kiha tunawaita ibikona. Walikuwa wawili, dume na jike, na makao yao yalikuwa kwenye jabali la kilima kimoja ambacho hakikulimwa. Nikitokeza tu ukingoni mwa msitu, wananitangulia, wanatua juu ya jiwe, wananisubiri, nikifika wanaruka tena. Nilianza kuwasalimia, "Mwakeye!", nao wanajibu kwa ile sauti yao ya mkwaruzo. Nikaacha kuimba. Katekista wetu nilipomweleza alinitazama kwa huruma akasema ndege ni ndege. Sikubishana naye, kwani yeye hajawahi kutembea huko. Mimi najua kwamba nilikuwa mpweke na mahali pale nilipewa wenzangu, na aliyenipa nilimshukuru.

Kazi kubwa ilikuwa moto. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na sisi tulilifanya neno hilo kuwa ajira. Mvua zikikatika, nyasi zikiwa bado na ubichi, tunachoma mapema, alasiri, ili umande wa jioni uuzime moto wenyewe. Moto huo ni mvivu, unalamba majani na kuacha miche hai. Usipochoma mapema, mwishoni mwa kiangazi atakuja mwindaji na kiberiti chake, na moto huo hauna adabu. Kunguru walikuwa wanatufuata nyuma ya moshi wakiokota panzi waliobanikwa. Bwana Misitu aliwaita vibarua wasiodai posho.

Kile kilima cha jabali hatukukichoma wala hakikuwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kilikuwa na mlinzi wake. Waha wa zamani walikuwa na mteko, mtu wa ardhi, anayejua kilima kipi kina pepo wake na nini kimekatazwa hapo. Wa kwetu alikuwa Mzee Bukuru, aliyekaa chini ya kilima, mpole, mpenda ugoro. Katazo lake lilikuwa moja: jembe lisiguse udongo wa kilima kile, kwa kulima, kwa kuchimba mizizi, wala kwa kaburi. Watu walimheshimu hata wale waendao misa kila Jumapili. Serikali haikuwa na karatasi yoyote juu ya kilima hicho, lakini ndicho kilichokuwa kizima kuliko hifadhi yetu yote.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, kazi yetu ikawa kuni. Mkuu wa Kituo alituambia, "Hakuna kukata mti mbichi, lakini pia hakuna kumpiga mtu." Kusema ni rahisi. Mama mmoja wa Kirundi niliyemkuta na mzigo kichwani aliniuliza, "Muzehe, watoto bakule unga mbichi?" Nikampisha apite. Kutoka hapo nikapelekwa Kakonko, na Kakonko ndiko nilikomzika mke wangu. Niliomba nirudishwe Kasulu, nikarudishwa. Nilipopanda tena ukingo ule, kunguru wawili wakatoka jabalini, wakanitangulia jiwe kwa jiwe kama zamani. Sijui kama walikuwa wale wale au watoto wao. Nilikaa chini nikalia, nao hawakuondoka.

Kisha ikaja habari ya mbwa. Mbwa mwenye kichaa aliuma watu kijijini, na ikaamuliwa mbwa wazururaji watiliwe sumu kwenye nyama. Uamuzi huo siulaumu, kichaa cha mbwa kinaua vibaya. Sharti la kazi ile ni kwamba mzoga uzikwe siku hiyo hiyo, katika shimo refu, maana anayeula naye hufa. Lakini hakuna mtu aliyekubali mbwa wa sumu azikwe shambani kwake. Mgambo wakaona wawapeleke kwenye kilima, hakina mwenyewe. Walipofika juu wakakumbuka katazo. Wakaogopa kuchimba. Wakaweka mizoga kwenye mawe kwa heshima zote, wakateremka.

Asubuhi nikawakuta mbwa wamelala chini ya jabali, na kunguru wangu wawili wanawasogelea kwa kurukaruka. Niliokota mawe nikawapiga. Ndege waliozoea kunisubiri, nikawarushia mawe huku nawatukana. Waliruka, wakatua karibu, wakanitazama. Nilijua nikiondoka watarudi, na nisipoondoka mizoga itabaki. Nikateremka mbio.

"Mzee, naomba ruhusa ya jembe," nilimwambia Bukuru nikihema. "Nifukie wale mbwa. Ibikona watakufa."

Alisugua kikopo chake cha ugoro. "Mwana wanje, jembe halipandi kule. Babu yangu alikataza, baba akakataza. Mimi ni nani?"

"Hata shimo moja?"

"Shimo moja ni mlango. Tuwateremshe. Nitakuja nawe."

Mgambo walikataa kuwashika tena. Tukapanda wawili, mimi na mzee wa fimbo, na magunia. Tulipofika juu, dume alikuwa chini, mabawa yamefunguka, mdomo wazi. Jike alikuwa anamvuta kwa mdomo, unyoya mmoja mmoja, anaachia, anaita. Tulijaza magunia. Nilimbeba dume ndani ya koti langu.

Tulipokwisha kuwafukia wote nyuma ya nyumba yake, Mzee Bukuru aliniuliza, "Niambie kweli. Ni katazo langu lililomuua?"

"Ni sumu, mzee."

"Sumu haina miguu ya kupanda kilima," akasema, akaingia ndani.

Jike alibaki. Kila nilipopanda aliita, lakini hakunitangulia tena, na mimi sikumlaumu. Siku moja sikumwona, wala siku zilizofuata. Msimu wa kulima ulipokaribia, vijana walikwenda kwa mteko kama kawaida kuuliza mipaka ya kilima. Safari hii hakuitaja. Alisema neno moja: "Limeni." Walidhani anatania. Alilirudia, akalala kitandani kwake, na kabla ya mavuno tulimzika.

Nilikwenda ofisini kuomba tukizuie kilima. Bwana Misitu wa sasa, kijana mwema, alifungua ramani akaonyesha kwa kalamu. "Mzee, hakiko kwetu. Ni ardhi ya kijiji." Alisema kweli. Muda si mrefu nikastaafu, nikaagwa kwa soda na shuka la kimasai.

Mkiniuliza kazi hii imenifundisha nini, nitawaambia kwamba ukingo wa msitu hulindwa na kitu kilicho moyoni mwa mtu, na kitu hicho kikivunjika huwezi kukishona kwa sheria. Sisemi hivi ili mnionee huruma. Nimechoka tu, na magoti yanauma.

Sasa kilima kimelimwa hadi kwenye jabali. Mwanangu naye alipata kipande, ana watoto wa kulisha, ningemwambia nini? Juzi aliniletea mihogo ya mavuno yake ya kwanza. Niliichemsha, nikala peke yangu. Ilikuwa mitamu kuliko mihogo yote niliyowahi kula, na utamu huo ndio ulioniliza.