Brussels, Kumwona Dada Akizomewa

Dada yangu Neema alinipigia simu Morogoro akaniomba nisafiri hadi Brussels kumwona akizomewa. Yeye ni muuguzi wa watoto katika hospitali kubwa ya Jette, na Wakongomani anaosali nao walikuwa wamempa nafasi ya mtu mbaya katika mchezo wao wa Krismasi. Ni mchezo ambao watazamaji hawakai kimya. Humwonya shujaa, humcheka mwanamume aliyevaa gauni, na humzomea mtu mbaya hadi makoo yakauke.

"Wasiponizomea, kaka, mchezo utakuwa umefia mikononi mwangu," alisema. Nikaomba likizo gazetini.

Kwenye uwanja wa ndege alinipokea akiwa na koti la ziada mkononi. Kwenye treni nikamuuliza hofu yake inatoka wapi. "Nusu ya ukumbi nimewatibia watoto wao," akasema. "Wananipisha hata kwenye foleni ya mkate. Watu hao watanizomea vipi?"

Ganshoren, mtaa jirani na Jette, asubuhi iliyofuata, nilitembezwa na Papa Ilunga, mzee wa Lubumbashi aliyecheza mtu mbaya tangu mwanzo hadi magoti yalipomkatalia. Alinionyesha ukumbi mdogo wa parokia ambako yote yalianzia. Padri mmoja Mbelgiji, aliyewahi kuwafundisha Katanga, alikuwa ameifupisha riwaya ya kale ya Kifaransa waliyoisoma shuleni, ya mwenye nyumba anayemtupa mjane na wanawe kwenye theluji, akaigeuza mchezo wa kuchekesha. Nafasi ya mwenye nyumba, kwa kuwa ilikuwa kubwa, walimpa mkubwa wao kwa umri. Ndiyo heshima yao.

"Nilitoka na fimbo, nikafukuza ule mujane," Papa Ilunga akasimulia. "Batu kimya. Alors, maman moja anasimama, ananiambia: Papa, pole na kazi."

Alicheka hadi akashika ukuta. Tangu mwaka huo wakaweka desturi: kabla ya mchezo kuanza, mtu mbaya hutoka mbele ya pazia na kuwaambia watu, leo miye si papa yenu, munipigie kelele. Kwake yeye, maneno hayo yaliwatosha wakamzomea.

Forest, upande wa kusini, tulifika kwa tramu. Hapa mchezo ulikua. Wakongomani waliofanya kazi kwenye kiwanda cha magari waliingia kundini, na fundi wao, Tonton Kazadi, akajenga kwa mbao za mizigo nyumba nzima yenye magurudumu, inayogeuka ndani na nje mbele ya watu. Ni yeye pia anayevaa gauni la mjane. Kiwanda kilifungwa mwaka 2025 na wengine wakahamia miji mingine kutafuta kazi.

"Kiwanda ilifunga, bon," alisema Tonton Kazadi. "Lakini nyumba yetu haiyafunga." Waliibomoa kipande kwa kipande, wakaipeleka Jette.

Jette, Jumapili mchana, ukumbi wa shule ulijaa hadi watoto wakakaa sakafuni. Neema alitoka na kofia ya manyoya, akaomba azomewe kama desturi inavyotaka. Wakampigia makofi ya adabu. Pazia likafunguliwa, akamsukuma Tonton Kazadi na gauni lake nje ya nyumba, kwenye theluji ya pamba. Watoto wakawatazama mama zao. Kimya. Kisha sauti ya kumtia moyo nyuma yangu: "Maman Neema, courage."

Niliona mabega ya dada yangu yakishuka. Halafu akashuka yeye mwenyewe, ngazi moja moja, hadi safu ya mbele alikoketi Papa Ilunga. Hakumwamkia. Hakuinama.

"Weye muzee, simama," akasema kwa Kiswahili chao. "Ile kiti ni yangu."

Papa Ilunga, bila tabasamu, akajiinua taratibu juu ya fimbo yake. Neema akaketi, akakunja nne.

Ukumbi ukalipuka. Akina mama walisimama na pochi zao mikononi. "Huuu! Toka! Mubaya weye!"

"Huyu iko na wazazi kweli?" jirani yangu aliniuliza kwa hasira. Mle ndani ni mimi pekee niliyewajua wazazi hao. Nikaweka viganja mdomoni, nikazomea kwa nguvu zangu zote. Kuanzia hapo hadi mwisho, Neema hakuweza kutokeza pua jukwaani wasimpokee kwa kelele.

Pazia lilipofungwa alikwenda kupiga magoti mbele ya mzee na kuomba radhi.

"Achana na ile," Papa Ilunga akamwambia. "Miye nilibaombaka ruhusa kila mwaka. Weye umebakosesha amani. Juma yenye inakuya, tukicheza tena, unifukuze mpaka inje."

Safari ya kurudi ilianza kwa tramu, Neema akinisindikiza. Nilimwambia nilichokiona: nilidhani heshima ndiyo iliyowafunga watu wale midomo, kumbe ndiyo iliyowafungua, na yeye alijua pa kuigusa kwa sababu sasa ni yake pia. Akasema nimeanza kuongea kama gazeti.

Kituo kilichofuata alipanda mama mmoja na kapu lake la magurudumu. Alimsalimu Neema kwa upole, akamuuliza habari za wodini. Alipokaribia kushuka akamwinamia sikioni.

"Huuu," akasema polepole.

Neema akamshukuru.