Maini ya Kwaresima

Bernadeta wa Ipuli alikuwa mwanamke wa kucheka. Alicheka akipalilia karanga, alicheka akitwanga, na mwaka 1951, mwezi mmoja tu baada ya kujifungua mtoto wake wa nne, alianguka kando ya kinu huku akicheka. Alipoinuliwa, dunia ikazidi kumzunguka.

Mumewe, Kasimiri, akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mganga wa pale, Modest, akamvuta kope la chini, akaguna.

"Mama, damu imekwisha. Ule maini mara tatu kwa juma, pamoja na matembele na mlenda."

"Mganga, si ni Kwaresima! Nyumbani tumeacha nyama tangu Jumatano ya Majivu."

"Hayo kamuulize padri. Mimi nimesomea kope."

Padri akaitazama midomo ya Bernadeta ilivyopauka. "Mwanangu, mgonjwa hana mfungo. Nenda ukale."

Siku hiyohiyo maini yakaingia kikaangoni na vitunguu. Harufu ikavuka ua, ikaenda nyumba kwa nyumba bila kubisha hodi. Bernadeta alikula kipande cha kwanza kwa aibu, cha pili amefumba macho, cha tatu akapiga kigelegele. Kasimiri, mbele ya ugali wake na mlenda, alikuwa anameza mate.

Kesho yake Kasimiri akashikwa na kizunguzungu. Jirani yao Veneranda naye akashika kichwa. Kufika Alhamisi, nusu ya Ipuli walikuwa wakipepesuka. Wakaandamana kwenda zahanati, Bernadeta naye akiwafuata, njiani kila mtu akijivuta kope na kumwonyesha mwenzake.

"Nitazame, peupe?"

"Peupe pe!"

Modest akaanza na Kasimiri. Alipovuta kope tu, akawaita wengine waje kuona.

"Huyu ana damu ya kutosha watu wawili! Kasimiri, kabla ya Kwaresima ulikuwa unakula nyama lini?"

"Kila ilipopatikana."

"Na mboga?"

"Kila nyama ilipokosekana."

Zahanati nzima ikaangua kicheko. Modest akangoja kitulie. "Nyama ni chakula kizuri, ndugu zangu, na mama huyu inamjenga. Lakini si dawa ya kila mtu, wala haikuletwa ili mboga zitupwe."

Akawapima wengine, akawarudisha nyumbani mmoja mmoja. Alipofika kwa Veneranda, akavuta kope moja. Akavuta kope la pili.

"Huyu kweli hana damu."

"Mimi mgonjwa!" Veneranda akaruka juu. "Asante Mungu, mimi mgonjwa!" Akamkumbatia Bernadeta, wakazunguka mpaka wakalazimika kukaa chini, maana kizunguzungu chao hakikuwa cha mchezo.

Tangu hapo wakapika pamoja, maini kidogo, matembele tele. Kasimiri akapewa matembele peke yake, akanuna siku mbili, ya tatu akaomba aongezewe. Juma la Pasaka Modest akayavuta makope ya wale wanawake, akasema yamekuwa mekundu vizuri. Wakatoka wameshikana mikono, wakacheza katikati ya barabara ya Tabora mjini, baiskeli zikiwapisha kulia na kushoto.