Mwalimu Asiyepaza Sauti

“Hapazi sauti hata siku moja,” jirani yangu alimsifia mwalimu wa baleti, nami nikampeleka binti yangu wa miaka sita tutazame darasa kabla sijamwandikisha. Ni kweli, hapazi. Anapita katikati ya watoto kwa viatu laini, kucha zimekatwa fupi, mikono inanukia sabuni, na kila anayemgusa humnong’oneza, “Tabasamu, mama.” Nikagundua watoto hawamtazami usoni, wanaitazama ile mikono. Kibinti mmoja akapiga msamba, haukufika chini. Mwalimu akamwekea viganja mabegani akamkandamiza polepole, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Midomo ya mtoto ikatetemeka. “Tabasamu, mama.” Akatabasamu, meno yote nje, machozi yakimtiririka. Nikamkamata wangu mkono, nikamvuta hadi nje, mbio mbio, bila hata kuaga. Barabarani ndipo nilipoona nilivyombana: vidole vyake vimekuwa vyeupe. Huyu ambaye nikimchana nywele tu mtaa mzima husikia, leo kimya. Nikainama nimtazame usoni. Alikuwa ananitabasamia, meno yote nje.