Goti la Mama Pindo

Siku ya kwanza kumwona Mama Pindo alikuwa ameketi mbele ya cherehani, goti la kulia limefungwa kitambaa kinachonuka kitunguu saumu. Niliitwa kubadilisha mkanda uliokatika. Kabla hajanisalimu alimeza kidonge cha hospitali, akashushia maji meusi ya mizizi kutoka kwenye chupa ya juisi.

"Hawa wake wenza, fundi," akasema. "Wasipopatana tumboni, shauri yao."

Nilichekea moyoni. Mimi si mtu wa maneno.

Daktari alikuwa amempa miezi miwili: goti lisipopoa, aache kukanyaga pedeli moja kwa moja. Mizizi aliletewa na wifi yake. Alianza kushona akiwa msichana, na kazi nyingine hakuijua.

Nilipomaliza mkanda nikajaribu pedeli. Ilikuwa nzito kama kusukuma gari. Bolti zimekazwa mno, mafuta hazijaonja miaka. Nikalegeza, nikatia mafuta, nikaenda zangu bila kusema. Niliona ni sehemu ya kazi.

Wiki ya tatu alinifuata kibandani kwangu kwa miguu, kitambaa hana.

"Limepoa. Sasa niache kipi? Wifi anasema ni mizizi, nikiiacha litanirudia. Daktari anasema ni vidonge, na mizizi itanimaliza figo."

Hapo ndipo nikaikumbuka pedeli. Nilimweleza huku natazama bisibisi yangu.

"Kwa hiyo umenitibu wewe?"

"Sijui, mama. Labda."

"Labda ndiyo nini? Wenzako wote wana uhakika."

Nikamwambia aache kimoja kimoja, aone.

"Nikianza kuacha kile chenyewe kinachoniponya? Utaniazima goti lako?"

Mpaka leo swali hilo linanizungusha. Nikifikiria mizizi naona wifi ana haki, nikifikiria vidonge naona daktari, kisha naikumbuka ile pedeli nachanganyikiwa upya.

Mwisho wa mwezi nilikwenda na kopo la mafuta nikakuta mlango umefungwa. Jirani akasema amehamia kwa binti yake, mbali, na cherehani kaondoka nayo. Sijui nani anaitia mafuta, wala kama goti limetulia. Nimebaki na yale aliyoniambia siku ile akitoka kibandani:

"Naendelea na vyote. Na wewe umo kwenye dozi, kila mwisho wa mwezi uje na mafuta yako. Ila wifi asijue, atasema nimeongeza mke wa tatu."