Vyombo Saba vya Kuazima

Harufu ya mandazi ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi pale mtaani kwetu Silanga. Mama alikaangia mlangoni, moshi ukiingia ndani na kutuwasha macho, na mimi na mdogo wangu Nekesa tuligombania lile andazi lililoungua, maana lililoungua haliuziki. Halafu mvua ya mwaka ule ikaja. Ilinyesha hadi bwawa likafurika, njia ikawa tope la magotini, na wateja wakakoma kupita. Baba alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kibarua, na huko akanyamaza kabisa. Asubuhi moja niliamka, na hakukuwa na harufu yoyote.

Shangazi, dada yake baba, alituma ujumbe kutoka Kawangware: Jumapili angekuja kumchukua Nekesa akae kwake, amwangalizie mtoto, apate kula. Nekesa alikuwa na miaka sita! Amlee nani, naye bado anakojoa kitandani? Mama hakubisha. Alifunga siku tatu, na Jumamosi akatusomea habari ya yule mjane wa wakati wa nabii Elisha, ambaye wanawe walikuwa karibu kuchukuliwa watumwa kwa ajili ya deni, na nyumbani hana kitu ila mafuta kidogo. Nabii akamwambia aazime vyombo vitupu kwa majirani wote, afunge mlango, amimine. Mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipoisha. Mama akafunga Biblia, akaitazama chupa yetu ya mafuta, iliyobaki robo. "Nafula, nenda kaazime vyombo. Usiache nyumba hata moja."

Nilikwenda. Mama Akinyi, muuza makaa, alinipa sufuria mbili huku akicheka, "Ai, kwani mna harusi na hamkutualika?" Nyumba ya tatu wakaniuliza za nini, nikadanganya kwamba ni za maji. Ya nne nikawasikia wasichana wa darasa langu wakinicheka, nikaondoka mbio. Ngoja niseme ukweli: sikumaliza. Upande wa chini, karibu na bwawa, kulikuwa na nyumba kama kumi na mbili ambazo sikuzigonga. Nilijibanza nyuma ya choo mpaka nikaona muda umetosha, nikarudi na vyombo saba. "Umepita kwa wote?" mama akauliza. Nikasema ndiyo.

Tulifunga mlango. Mama alipiga magoti, akamimina katika sufuria ya kwanza akilitaja jina la Bwana. Mafuta yalifunika chini kidogo tu, yakakoma. Aliinua chupa, akaitikisa, akangoja. Wee, kungoja kule! Nekesa alikuwa ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili. Vile vyombo sita vingine vilikaa pale vikavu, na jioni nikavirudisha vilevile vitupu. Kesho yake shangazi akaja, na Nekesa akaenda naye akilia, nasi tukamsikia mpaka walipopinda kona.

Siku hizi mama anaishi kwangu, Riruta. Jikoni nina mtungi wa lita ishirini wa mafuta, na bado hukimbilia dukani yakipungua kidogo tu. Nilipokuwa mtoto nilijua kwa hakika kwamba nilimpoteza mdogo wangu kwa sababu ya zile nyumba kumi na mbili. Sasa nina akili za mtu mzima: hata chombo cha kwanza hakikujaa, hivyo vingine vingefanya nini? Akili hizo hazinisaidii. Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua mboga, Nekesa akiwa njiani kuja kula nasi, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia mama yote. Aliendelea kuchambua. "Mimi pia sikumimina yote," akasema. "Nilificha kidogo kwenye kikombe, nimkaangie Nekesa mandazi ya kwenda nayo." Miaka yote hiyo, kila mmoja wetu akidhani ni yeye aliyeyazuia mafuta! Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa. Nekesa akagonga mlango, akaita, akagonga tena, nasi tukabaki tumekaa, hakuna aliyeweza kuinuka kumfungulia.